Mabati Mawili ya Mgeni Rasmi

Hadi leo nikiona turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na meza moja mbele imefunikwa kitambaa cheupe na maua ya karatasi, hasira hunipanda kabla sijauliza ni shughuli ya nani. Watu wa kwetu wameshanizoea. Huniambia, "Dada, wewe nawe, lile jambo si liliisha?" Halijaisha. Liliisha kwao, waliopiga makofi, wakala pilau, wakaenda zao.

Nianze na mazuri yao, maana yapo, na nikiyaficha nitakuwa mwongo.

Ule upepo ulitoka ziwani mchana kweupe, wanawake tukiwa tunageuza dagaa juani. Sisi wa upande wa Murangi upepo wa ziwa tunaujua, tunaishi nao. Huo ulikuja na visa vyake. Uliruka nyumba yangu, ukafika kwa jirani yangu, ukalinyanyua paa lote pamoja na mbao zake, ukalibwaga kwenye shamba la muhogo. Jirani yangu ni mjane. Mume wake alikuwa mvuvi, akaenda kambi ya uvuvi kisiwani Rukuba, akarudi na homa ambayo hakuinuka nayo. Alimwachia mkewe watoto na mama mkwe, bibi aliyepooza miguu, mwenye mwili mdogo na mdomo usiolala.

Tulipokimbilia huko tulimkuta bibi kitandani kwake, kichwa kimejaa vumbi, macho yake juu mawinguni.

"Huyu Mungu naye," alisema, "si angepiga hodi kwanza."

Tukambeba na kitanda chake mpaka kwangu. Tukamweka sebuleni, karibu na cherehani yangu, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Mimi ni mshonaji. Tangu siku hiyo nilishona bibi akinitazama na kuikosoa mishono yangu.

Kesho yake jumuiya yetu ya kanisa ikaja yote. Wanaume walikuja na nyundo, misumeno na mapanga, wengine walikuwa hawajalala, wametoka kuvua. Wanawake tulipanga mstari mpaka ziwani, tukapokezana ndoo za maji ya kukandia tope, maana pembe moja ya ukuta ilikuwa imevunjika. Walikuwepo wawili ambao hawajasalimiana tangu walipogombania mpaka wa shamba, na siku hiyo walishika ncha mbili za mbao moja. Tukasonga ugali wa muhogo, tukachemsha sangara, watu wakala wamekaa chini. Fundi wetu alikuwa mwanajumuiya, hakudai chochote. Na mwenyekiti wa jumuiya, mzee mmoja mstaafu anayetembea na kalamu mbili mfukoni hata akienda kuoga ziwani, alimpigia simu mtoto wa kijiji chetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunda. Yule bwana hakuzungusha maneno. Mabati yalifika na lori, mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Nililia siku hiyo. Nilisema moyoni kwamba hili ndilo kanisa, mengine yote ni nyimbo.

Paa lilipandishwa haraka. Siku ambayo tulidhani ndiyo ya mwisho, nilikuwa nimeshafua shuka za bibi ili arudi kwake jioni. Mara nikamwona fundi anashuka ngazi, anajifuta jasho, anakusanya vifaa vyake. Mabati mawili yalikuwa bado yameegemezwa ukutani. Juu, kwenye pembe ya nyumba inayotazama barabara, palikuwa wazi.

"Fundi, misumari imeisha?" nilimuuliza.

Akanionyesha mwenyekiti kwa kidevu.

"Hapo basi," mwenyekiti alisema. "Hizo bati mbili ni za mgeni rasmi."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto Baba Yetu. Yule bwana wa Bunda angealikwa. Angepanda ngazi, apige msumari wa mwisho, kisha asomewe risala, kwaya iimbe, aikabidhi nyumba kwa mjane. Pembe ya barabarani imechaguliwa kwa makusudi, watu wapitao waone na picha itoke vizuri. "Mtu ametoa bati yote hii, halafu sisi tunamaliza wenyewe kimyakimya? Sisi hatunaga tabia hiyo."

"Pale ndipo juu ya chumba cha bibi," nilisema.

"Bibi si yuko kwako? Naona anakulaga vizuri."

Watu waliosimama pale walitikisa vichwa kukubali. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na roho mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu mbaya ungemtolea uvivu mkamalizana. Hawa walikuwa na nyuso za upole, mikono ina tope la ukuta wa mjane, na bado waliona ni adabu kumwachia mgeni tundu. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu hata choo cha shule hufungwa utepe kikiwa kimeshakamilika, watoto wakaendelea kwenda vichakani, mpaka apatikane mtu wa kukikata huo utepe. Ukiuliza, unaambiwa hujui taratibu.

Mwenyekiti akayachukua yale mabati mawili akayapeleka nyumbani kwake, yasije yakaibwa.

Halafu likaja suala la sare. Wanawake wa jumuiya walichagua kitenge cha bluu chenye picha za njiwa, na mshonaji nikawa mimi, nani mwingine. Nikashona magauni ya sherehe ya nyumba sebuleni kwangu, na mwenye nyumba amelala hatua chache kutoka kwenye pedeli.

"Unashona nini?" bibi aliniuliza.

"Sare, bibi."

"Sare ya nini?"

"Ya siku ya kufungua nyumba yako."

"Nyumba yangu ilishafunguliwa na upepo," akasema. "Mimi nataka ifungwe."

Naomba nieleweke. Bibi hakuwa na shida ya kulala kwangu. Nilimlisha, nilimwogesha tukisaidiana na mkwewe, tulicheka. Shida yake ilikuwa dirisha. Chumba chake kina dirisha dogo upande ule wa barabara, na chini ya dirisha, ndani ya ua wa nyumba yao, ndipo walipozikwa mume wake na mwanawe. Kitanda chake kilikuwa kimewekwa ubavuni mwa lile dirisha tangu miguu ilipokufa. Kila asubuhi alifungua ubao wa dirisha kwa mkono wake, akawasalimia wote wawili kwa lugha ya nyumbani, mume kwanza, kisha mtoto. Akawapa habari: nani kaoa, nani kauza ng'ombe, ziwa limetoa nini. Hata mtu aliyepita barabarani alijua kwamba saa hiyo haulizwi kitu. Kwangu, dirisha linatazama migomba.

"Sijawasalimia," aliniambia kila nilipomletea uji. "Watasema nimehama. Watasema nimewaacha."

Nikawa namjibu kwamba mgeni anakuja Jumapili. Jumapili ikafika, mgeni akatuma ujumbe kwamba ana mzigo wake umekwama Mwanza. Ikapangwa nyingine, akapata msiba. Ikapangwa nyingine, mwenyekiti mwenyewe akaiahirisha kwa sababu turubai zuri lilikuwa limekodishwa Musoma kwenye harusi, na lililobaki lilikuwa na viraka. Viraka! Nyumba ina tundu, yeye anaona aibu ya viraka vya turubai.

Kisha mvua zikaanza. Nilisimama mlangoni kwangu nikayaona maji yakiingia kwenye ile pembe, na nilijua yanaangukia wapi. Ukuta ni wa tofali za tope, tope ambalo tulilikanda kwa ndoo zetu wenyewe. Mvua ilipokatika nilikwenda. Nilimkuta jirani yangu ameinama chumbani kwa bibi, anayasukuma maji nje kwa ufagio, na ukuta chini ya dirisha umeanza kumomonyoka kama kipande cha mkate kwenye chai.

"Twende," nilimwambia.

"Wapi?"

"Kwa mwenyekiti. Kuchukua mabati."

"Dada, subiri. Tusiwaudhi."

Sikusubiri. Alinifuata huku akinisihi. Mwenyekiti hakuwepo, alikuwa amekwenda Musoma kuulizia turubai. Mkewe alitupokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote yako mdomoni. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akayaburuta mabati yenyewe mpaka barazani. Yalikuwa yamefungwa utepe mwekundu, umepigwa fundo la maua.

"Chukueni," alisema. "Kila siku nayazunguka nikifagia. Huyu mzee akija nitaongea naye mwenyewe."

Tuliyabeba kichwani, jirani mbele mimi nyuma. Yeye alishika ngazi, mimi nikapanda. Sijawahi kupigilia bati maishani, lakini nimeshapigilia viatu, nimeshapigilia kuta, na siku hiyo kila msumari niliupa jina la mtu. Ilikuwa kazi ya muda mfupi mno. Nilipomaliza nilikaa palepale juu nikicheka kwa hasira, kwamba hiki ndicho kitu kilichomfanya mama wa watu ahesabiwe mkimbizi sebuleni kwangu.

Jioni ile bibi alirudi kwake. Tulimgeuzia kitanda kikakaa kama zamani. Akafungua ubao wa dirisha, akawasalimia watu wake, akawapa habari zote zilizolimbikizwa, za upepo na za mabati, na nilisikia na mimi nikitajwa. Jirani yangu alikaa chini, mgongo ukutani, machozi yanamtoka. Sikumbuki jioni nyingine niliyokuwa na amani kama ile.

Mwenyekiti aliporudi alinijia juu. "Dada, umetuwekea kauzibe. Mgeni amethibitisha. Sasa atapigilia nini?"

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia mgeni akija apewe soda, aonyeshwe nyumba, apigiwe kigelegele, na kama mkono unamwasha sana apigilie msumari kwenye mti. Alinisikiliza, akatazama juu ya paa muda mrefu.

"Hamna neno," akasema. "Tutazing'oa siku hiyo asubuhi."

Nilidhani ananitania.

Siku hiyo asubuhi, turubai la bluu limeshafungwa, masufuria yako mafigani, kwaya inajaribu sauti, nikamwona fundi anapanda ngazi na nyundo ya kung'olea. Damu ilinichemka. Nilitupa mwiko wa pilau, nikaenda kuishika ile ngazi kwa mikono miwili nikiwa ndani ya gauni la njiwa nililolishona mwenyewe.

"Shuka."

"Dada, mimi nimetumwa tu."

"Shuka nimesema. Mle ndani kuna mtu amelala."

Wanawake wenzangu wakanizunguka. Mmoja ananivuta mkono, mwingine ananiambia nisiharibu siku ya Bwana, mwingine ananiambia tunarudishiaga palepale, ni dakika tu. Mwenyekiti alitoka kule kwenye meza na risala yake mkononi, akasema bibi abebwe akae kwenye turubai na wageni, nafasi yake ipo mbele kabisa, kiti cha sofa.

Tukaingia kumwambia. Bibi alikuwa amesikia yote.

"Mimi sihami hapa," alisema. "Toeni bati yenu. Nipo hapahapa."

"Bibi, jua litakupiga."

"Linipige."

Nikamgeukia jirani yangu. Nilimtaka yeye aseme. Nyumba ni yake, mama mkwe ni wake, neno moja kutoka kwake lingetosha. Alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, anasokota ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Dada, waache," aliniambia kwa sauti ndogo. "Hawa watu ndio walionijengea. Kesho mtoto akiugua nitamwita nani? Wewe peke yako utanibebea?"

Nilikasirika hata naye. Nakiri hivyo bila kuona haya. Lakini alisema kweli, na kila aliyekuwa nje pale, mwenye kuimba na mwenye kupika, alijua kwamba atasema hivyo. Wema waliomfanyia ulikuwa umemfunga mdomo. Nikaiachia ngazi.

Misumari ya bati ikikaza, haitoki kwa heri. Fundi aliing'oa kwa nguvu, kila mmoja ukilia, na ulipotoka uliacha tundu lililochanika kingo zake. Mabati yakashushwa, utepe ukafungwa tena. Jua likaingia chumbani likatua juu ya kitanda.

Mgeni alifika mchana, gari safi, shati jeupe, mtu mpole kwa kumtazama. Akaongozwa hadi kwenye ngazi. Akakabidhiwa nyundo iliyofungwa utepe nayo. Kwaya ikapandisha, simu zikainuliwa juu, fundi akamtangulia kushika bati. Yule bwana akapanda, akafika juu, akatabasamu kwenye simu zetu, kisha akainamisha kichwa kutafuta pa kupigilia.

Nilikuwa karibu, niliona uso wake ukibadilika. Aliganda. Kwaya haikujua, ikaendelea.

"Shikamoo, mama," alisema kwenye lile tundu.

Sauti ya bibi ilitoka chini, kavu, na sisi wa karibu sote tuliisikia.

"Marahaba. Ndiyo wewe tuliyekuwa tunakungoja? Funga basi, mwanangu. Jua liko machoni."

Alipiga msumari mmoja, ukakaa upande. Makofi yalilipuka, vigelegele vikapanda. Akashuka upesi, akamwachia fundi mingine, na fundi naye akaipigilia haraka haraka kwenye matundu yaleyale ya zamani, maana pilau lilikuwa tayari na hakuna aliyetaka kukosa.

Baada ya risala mgeni alinifuata nyuma kwenye mafiga. Labda aliniona sikupiga makofi.

"Mama, kwani hii nyumba ilikuwa haijaisha?"

"Iliisha zamani."

"Sasa nani alisema nisubiriwe? Mimi nilijua nimeitwa kwenye misa ya shukrani."

"Kawaulize waliokupigia makofi," nilimjibu.

Hakuwauliza. Alitazama viatu vyake, akarudi kwenye meza yenye maua ya karatasi, akala, akashukuru, akaondoka. Mtu mpole. Watu wote wa siku ile walikuwa wapole.

Picha ipo kigangoni, kanisani kwetu, imewekewa fremu, juu ya mlango wa ofisi ya katekista. Mgeni yuko juu ya ngazi na nyundo, anatabasamu. Wageni wakija huonyeshwa, wanaambiwa hii ndiyo jumuiya hai.

Mvua ya kwanza ilipopiga, tone likaanguka kwenye mto wa bibi, kisha jingine kwenye blanketi. Tundu la msumari lililochanika halirudi. Nimelipaka lami, nimelishindilia vipande vya nailoni, nimepanda ile ngazi mpaka imenizoea, na maji yanatafuta njia yake kila mara. Nilimwambia jirani yangu twende jumuiya tukaseme.

"Niseme nini, dada?" aliniuliza. "Nyumba ilishakabidhiwa."

Basi ikinyesha tunakivuta kitanda mpaka ukuta wa pili, tunaweka beseni chini ya tone. Masika yakishika, kinakaa huko huko siku nyingi. Huko ni pakavu. Ila dirisha liko mbali, mkono wake haulifikii, na makaburi hayaonekani. Asubuhi bibi huwatuma watoto waniite. Nakwenda, nafungua ubao, nasimama pale, na kwa lugha yangu ya kubabaisha nawaambia mume wake na mwanawe kwamba mama yupo, hajambo, hajawaacha, anawasalimu. Beseni linalia nyuma yangu. Wakati mwingine yeye huniuliza kutoka kule ukutani kama nimewaeleza kwa nini haji mwenyewe.

Namwambia nimewaeleza. Sijawaeleza. Nikianza, kijiji kizima kitanisikia.